Daimatsu na Wasichana wa Kaizuka

Kila anayejifunza mpira wa wavu huambiwa mapema ya kwamba mpira ukienda kuanguka mbali naye, ajirushe, aupige kabla haujagusa chini, kisha abingirike na kuinuka, awe tayari kwa mpira wa pili. Wengi hufanya hivyo pasipo kujua habari za mtu aliyeusitawisha mtindo huo. Mtu huyo hakuwa mwalimu wa shule wala wa chuo. Alikuwa mtumishi wa ofisi katika kiwanda cha nyuzi huko Japani. Jina lake ni Hirobumi Daimatsu, naye alifariki mwaka wa 1978. Habari zake zatufaa sisi tunaocheza, na zawafaa pia wale waliotutangulia shuleni, ambao wengi wao sasa ni walimu na wakubwa wa kazi. Kwa maana katika maisha yake mna swali moja la kufikiri sana: mkubwa ana haki ya kumdai mdogo wake jasho kiasi gani?

Daimatsu alizaliwa tarehe 12 Februari, 1921, katika mkoa wa Kagawa, kisiwani Shikoku. Alisoma katika chuo cha Kwansei Gakuin, na huko aliucheza sana mpira wa wavu. Mwaka wa 1941 akapata kazi katika kampuni ya Dai Nippon Boseki, iliyokuwa na viwanda vingi vya kusokota na kufuma nguo. Baadaye kampuni hiyo ilijulikana zaidi kwa jina la Nichibo. Lakini hakukaa sana ofisini. Mwishoni mwa mwaka huo Japani iliingia katika vita na Marekani na Uingereza, na kijana Daimatsu akachukuliwa jeshini.

Alitumwa China, kisha akapelekwa huku na huku katika nchi za kusini, na mwisho akajikuta Burma. Mwezi wa Machi 1944 majeshi ya Japani yalivuka mpaka wa Burma na kuingia India, yakikusudia kuuteka mji wa Imphal. Askari walikuwa wapata 85,000. Walichukua chakula cha majuma machache tu, kwa kuwa wakubwa wao walidhani mji ungeanguka upesi, nao wangekula katika ghala za Waingereza. Mji haukuanguka. Mvua kubwa zikaanza, njia zikageuka tope, na mwezi wa Julai ikatoka amri ya kurudi nyuma. Zaidi ya nusu ya jeshi lile liliharibika, na wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi bali na njaa, malaria na kuhara damu.

Hapa habari za Daimatsu zinapita karibu na habari za wazee wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ndiyo iliyowafuata Wajapani katika bonde la Kabaw tangu Agosti 1944, mpaka ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Huko Tamu askari wetu waliwakuta Wajapani wengi wamekwisha kufa kwa njaa na maradhi, wamelala majumbani na kando ya njia. Daimatsu alikuwa mmoja wa wachache waliotoka hai katika safari ile.

Alirudi kwao na mambo mawili moyoni, naye akayaeleza baadaye katika kitabu chake. La kwanza, mwili wa mwanadamu waweza kustahimili mengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Anayesema hawezi tena, aghalabu bado anaweza kidogo. La pili, afisa hawezi kuwaongoza watu kwa maneno. Alikuwa kijana, na baadhi ya askari aliowaongoza walikuwa wakubwa kwake kwa umri. Aliona ya kwamba walimfuata alipotangulia yeye mwenyewe, na kwamba amri ya mtu aliyebaki nyuma ni sauti tupu. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomfanya kuwa mwalimu wa namna aliyokuwa, kwa wema wake na kwa ukali wake.

Baada ya vita alirudi kazini. Katika miaka ya 1953 na 1954 kampuni iliamua kuwa na timu moja ya wanawake ya mpira wa wavu, ikae katika kiwanda chake cha Kaizuka karibu na mji wa Osaka, naye Daimatsu akaombwa kuifundisha. Wachezaji walikuwa wasichana waliomaliza shule na kuajiriwa na kampuni. Walilala katika bweni la kiwanda. Tangu asubuhi hadi alasiri walifanya kazi kama wafanyakazi wengine, na kazi ilipokwisha waliingia ukumbini kufanya mazoezi. Mazoezi hayo yaliendelea mpaka usiku, mara nyingi hata usiku wa manane, na siku za mapumziko katika mwaka zilikuwa chache mno. Daimatsu naye alikuwa na kazi yake ya ofisi mchana kutwa, na jioni alisimama nao uwanjani mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kutoa amri kisha akaenda kulala.

Siku zile Wajapani na majirani zao walizoea kucheza mpira wa wavu kwa wachezaji tisa kila upande, lakini mashindano ya dunia yalichezwa kwa sita. Kampuni ya Nichibo ilipoamua kuingia katika mchezo wa sita, Daimatsu aliona shida iliyo wazi. Watu sita hawana budi kuulinda uwanja uleule kwa mikono michache, na wasichana wake walikuwa wafupi kuliko Warusi. Warusi waliruka juu, wakaupiga mpira kwa nguvu, na ulinzi wa watu waliosimama wima haukutosha.

Dawa aliyoipata ni ile niliyoitaja mwanzo. Yasemekana aliipata kwa kutazama mwanasesere wa Kijapani mwenye uzito chini, ambaye ukimsukuma huanguka na kuinuka mwenyewe. Basi akawafundisha wachezaji wake kuanguka. Mtu akijirusha na kujizuia kwa mikono, huumia na kuchelewa kuinuka. Akijirusha na kubingirika begani, ile nguvu ya kuanguka yenyewe humrudisha juu ya miguu yake. Kwa hiyo kila mmoja aliweza kulinda eneo kubwa kuliko urefu wa mikono yake, na mpira ambao timu nyingine ingeuhesabu kuwa umekwisha ulirudi kwao. Pia walijifunza namna ya kuanzisha mpira usizunguke angani, hata ukayumba na kuanguka ghafula kama jani litokalo mtini, na mpokeaji asijue ulipo.

Ni rahisi kuandika habari za kubingirika. Kujifunza kulikuwa jambo jingine. Daimatsu alisimama karibu na wavu akirusha mipira mmoja baada ya mwingine, kulia, kushoto, mbele, mbali kidogo kuliko msichana alivyoweza kufika, mamia kwa mamia. Aliyechoka alirushiwa zaidi. Aliyelala chini alirushiwa mpira mwilini mpaka ainuke. Maneno yake yalikuwa makali, na mara nyingine ya kudhalilisha. Wasichana walilia, walitokwa damu viwikoni na magotini, walifunga vidole vitambaa wakaendelea. Wengine walimchukia kwa muda. Lakini walibaki, nao walipokuja kuulizwa baadaye, wengi walisema walimwamini kwa sababu hakuwadai kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitoa. Walioanza kumwelewa waligundua pia kuwa alimjua kila mmoja, tabia yake na udhaifu wake, na hakumsukuma mtu mmoja kama alivyomsukuma mwingine.

Matunda yakaonekana. Mwaka wa 1960 timu ya Japani ilikwenda Brazil katika mashindano ya dunia, ikawa ya pili nyuma ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka wa 1961 timu ya Kaizuka ilizunguka Ulaya na kushinda kila mchezo. Watu wa Ulaya, wakistaajabu jinsi wasichana hao walivyoinuka kutoka chini kama wasio na mifupa, wakawaita wachawi wa Mashariki. Jina hilo lilitolewa kwa mshangao wala si kwa ubaya, nao wakalichukua mpaka nyumbani. Mwaka uliofuata, mashindano ya dunia yalipofanyika Moscow, timu ya Japani, ambayo wachezaji wake wengi walikuwa wa Kaizuka, iliwashinda Wasovieti katika mji wao wenyewe ikawa ya kwanza duniani. Ndani ya Japani timu hiyo ilianza mwaka wa 1959 mfululizo wa ushindi ambao haukukatika mpaka mwaka wa 1966, yaani michezo 258, ingawa ile ya mwisho ilichezwa Daimatsu alipokuwa amekwisha kuondoka.

Baada ya Moscow, mwalimu na wachezaji wake walitaka kupumzika. Jambo hili halina budi kufahamika vizuri. Katika Japani ya siku zile, msichana aliyepita miaka 25 pasipo kuolewa alianza kusemwa na jamaa na majirani. Nahodha wa timu, Masae Kasai, alikuwa amefikia miaka 29. Wote walikuwa wametoa ujana wao kwa mpira, na kombe walilolitaka walikuwa nalo. Lakini ilikuwa imekwisha amuliwa kwamba mpira wa wavu utachezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mwaka wa 1964, tena katika mji wa Tokyo. Mara barua zikaanza kufika kwa maelfu, kutoka kila upande wa nchi, zikiwasihi wasiache. Nchi iliyoshindwa vita na kuona miji yake ikiteketea ilitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba imesimama tena, na ikawatwika wasichana wa kiwanda mzigo huo.

Daimatsu alisitasita. Alijua kuwa akisema ndiyo, anawadai miaka miwili mingine ambayo hawezi kuwarudishia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1963 wachezaji wenyewe walikwenda kumwambia ya kuwa wameshauriana na wako tayari kuendelea, akiwa naye yuko tayari. Hapo akakubali. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake, kwa lugha yetu, ni Nifuateni. Kilinunuliwa na watu wengi sana, na maneno hayo mawili yaliyomo katika jina la Kijapani, kunifuata na kuja, yakawa midomoni mwa wakubwa wa makampuni na walimu wa michezo nchini kote.

Michezo ya Olimpiki ikafika, mwezi wa Oktoba 1964. Timu za wanawake zilikuwa sita: Japani, Umoja wa Kisovieti, Poland, Romania, Marekani na Korea ya Kusini. Kila timu ilicheza na kila nyingine. Japani ilipoteza seti moja tu, waliyoichukua Wapoland. Tarehe 23 Oktoba, katika uwanja wa Komazawa, ikabaki kukutana na Wasovieti, na dhahabu ikawa juu ya mchezo huo.

Wasomaji vijana wakumbuke ya kwamba hesabu ya siku zile haikuwa kama ya leo. Seti iliishia pointi 15, na upande uliweza kupata pointi tu ikiwa ndio ulioanzisha mpira. Kwa hiyo timu iliyokuwa imebakiwa na pointi moja tu iliweza kukaa hapo muda mrefu, ikishinda mpira na kurudishiwa zamu, pasipo kumaliza. Japani ilichukua seti ya kwanza kwa 15 kwa 11, na ya pili kwa 15 kwa 8. Katika seti ya tatu ilifika 14 ikiwa mbele sana. Ndipo Wasovieti walipokataa kufa. Pointi moja moja wakapanda mpaka 13. Nchi nzima ilishika pumzi. Katika eneo la Tokyo, mchezo huo ulitazamwa katika televisheni kwa asilimia 66.8, kiasi ambacho hakijafikiwa tena na mchezo wowote katika nchi hiyo. Kisha mikono ya Msovieti mmoja ikavuka juu ya wavu, refa akapiga filimbi, na mchezo ukaisha kwa kosa hilo dogo. Seti tatu kwa bila.

Wasichana walikumbatiana na kulia. Katika filamu ya michezo ile iliyotengenezwa na Kon Ichikawa, Daimatsu aonekana amesimama peke yake kando, kama mtu aliyeweka chini mzigo na hajui mikono yake aitie wapi. Aliacha kazi ya kufundisha timu hiyo mara baada ya michezo. Kasai, ambaye sasa alikuwa na miaka 31, aliolewa mwaka wa 1965, na Waziri Mkuu mwenyewe, Eisaku Sato, ndiye aliyesaidia kumtafutia mchumba. Wasomaji watacheka, lakini ilikuwa njia ya nchi kukiri ya kwamba ilikuwa na deni kwake.

Mwaka huohuo wa 1965 Daimatsu alifanya jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko dhahabu. Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alimwalika awafundishe wasichana wa China. Nchi hizo mbili hazikuwa na ubalozi wakati ule, wala hazikupatana mpaka mwaka wa 1972, na majeraha ya vita yalikuwa bado mabichi. Daimatsu alikuwa amekanyaga China mara ya kwanza akiwa na bunduki. Safari hii alikwenda na mipira, akafundisha huko Shanghai kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kwa ukali uleule, asiwafiche Wachina siri yoyote ya mchezo wake. Mwaka wa 1981 timu ya wanawake ya China ilipata Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na iliowashinda katika mchezo wa mwisho, tena nchini mwao, ni Wajapani. Mwalimu aliyetoa ujuzi wake hivyo hakuwa mtu wa choyo.

Mwaka wa 1968 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la Japani, na mwaka wa 1974 akashindwa katika uchaguzi. Akarudi kwenye mpira. Safari hii hakutafuta mabingwa, bali alizunguka mijini na vijijini akiwafundisha akina mama wa nyumbani, waliocheza kwa afya na furaha. Alikuwa katika safari ya namna hiyo, mkoani Okayama, moyo wake uliposimama tarehe 24 Novemba, 1978. Alikuwa na miaka 57. Mwaka wa 2000 jina lake liliwekwa katika jumba la heshima la mpira wa wavu huko Holyoke, Marekani, mji ambamo mchezo huo ulianzishwa mwaka wa 1895.

Sasa turudi kwenye swali letu. Hata alipokuwa hai wako waliomlaumu, kwao na ng'ambo, wakisema kuwa kuwalaza watu chini ya mvua ya mipira mpaka usiku wa manane si mchezo bali ni utumwa. Na baada yake likatokea jambo baya zaidi. Walimu wengi wa Japani walichukua ukali wake wakaacha yaliyobaki. Walipiga kelele wakiwa wamekaa vitini. Walidai utii wa wanafunzi ambao hawakuwa na ruhusa ya kukataa, na wengine wakatumia makofi na fimbo. Mwezi wa Desemba 2012 mvulana mmoja wa Osaka, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya shule yake, alijiua baada ya kupigwa na mwalimu wake wa mchezo. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba wanajudo wanawake 15 wa timu ya taifa walikuwa wamepeleka malalamiko ya kupigwa na mwalimu wao. Japani ilishtuka na kuanza kujichunguza.

Si haki kumtwika Daimatsu makosa ya watu ambao hakuwafundisha. Lakini pia si kweli kwamba hana sehemu. Alifundisha kwa mfano wake kwamba ukali huleta dhahabu, na mfano wa mshindi huigwa upesi, hasa ile sehemu yake iliyo rahisi kuigwa. Kupaza sauti ni rahisi. Kukaa na wanafunzi mpaka saa sita ya usiku kila siku kwa miaka kumi, ukiwa na kazi nyingine mchana, si rahisi. Kumjua kila mmoja wao si rahisi. Na kungoja mpaka wao wenyewe waje kusema tuko tayari, kama alivyongoja mwaka wa 1963, ndilo jambo gumu kuliko yote. Maneno yake ya kudhalilisha hayakuongeza hata pointi moja. Tungeweza kuyaondoa yote katika habari hii, na wale wasichana wangali wanajua kubingirika na kuinuka.

Basi, ninyi mnaocheza, msiogope kuchoka, maana mchumia juani hulia kivulini. Lakini chokeni kwa jambo mlilolichagua. Nanyi wakubwa zetu mlio na timu, madarasa au watu wa kazi chini yenu, kabla ya kuwaambia watu wawafuate, tazameni kwanza kama mmetangulia.